Neno la Kubadili Bega

Mama Ngavaine hakuwahi kukutana na swali akaliacha lipite njia yake. Ndani ya ndege alimuuliza mhudumu maji ya chooni huenda wapi, na hakumwacha mpaka alipojibiwa. Walipotua Honolulu alimuuliza ofisa wa uhamiaji kwa nini anagonga mihuri kwa mkono wa kushoto, na yule ofisa, ambaye kwa sura yake hakuwa amecheka tangu asubuhi, akacheka. Shoga yake Akaiti, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alijifanya hamjui.

"Wee Ngavaine, utatufungisha," Akaiti alinong'ona walipokwisha kuvuka.

"Kuuliza si ujinga."

"Si ujinga, ni balaa."

Walikuwa watu kumi na watatu kutoka Mauke, wakielekea mji wa Hilo, huko Hawaii, kuishangilia timu yao. Mauke nzima haifikishi watu mia tatu, kwa hiyo watu kumi na watatu kuondoka kwa mpigo ni jambo la kuombewa kanisani, na waliombewa kweli, Jumapili mbili mfululizo. Wasichana sita wa kisiwa hicho walikuwa wamepata nafasi ya kushindana na mataifa katika mbio fupi za mtumbwi, ule mtumbwi mwembamba wenye mrengu mmoja ubavuni, na haikuwahi kutokea hivyo tangu chama chao kianzishwe. Wasichana walikuwa wametangulia wiki moja.

Siku ya kuchagua washangiliaji, Nooroa, mwalimu wa timu, alisimama kwenye ukumbi wa kanisa akasema maneno mafupi: "Wengine tutajadiliana. Lakini bila koo la Mama Ngavaine, hatupandi ndege." Hakuna aliyepinga. Koo lile lilijulikana. Mama Ngavaine akiwaita nguruwe wake jioni, nguruwe wa majirani watatu huja pia, na wenyewe hulazimika kuwafuata.

Yeye alikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mjukuu wake Tereapii, aliyekuwa mmoja wa wale sita. Ya pili ni swali. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akichuma maire, mmea mtambaazi wenye majani yanayonukia, kwenye mwitu wa miamba ulioizunguka Mauke. Wanawake huyasokota majani yale kuwa mashada marefu, huyapanga kwenye masanduku, na ndege huyapeleka Hawaii kwa watu wa harusi na sherehe. Miaka yote hiyo Mama Ngavaine hakuwahi kuiona hata shingo moja iliyovaa shada lake. Huvaliwa na nani? Na akishalivaa, hulitupa wapi? Akaiti alimwambia hilo si swali la kuvukia bahari, naye akamjibu kwamba maswali mengine hayana majibu upande huu wa bahari.

*

Hilo iliwapokea kwa mvua. Walisimamisha hema lao ufukweni, wakafunga bendera mbili, wakatoa gitaa dogo na makopo ya nyama, na baada ya nusu saa palikuwa Mauke kamili, isipokuwa nguruwe hawakuwepo.

Alhamisi asubuhi ikawa zamu ya wasichana wao kwa mara ya kwanza, mita mia tano, mitumbwi ikipita sambamba na ufukwe. Nafasi ya tatu kutoka mbele alikaa Tereapii, na yeye ndiye aliyekuwa mwitaji. Kila baada ya makafi kumi na manne mwitaji huita, na hapo wote sita hubadili upande: aliyekuwa akipiga kafi kulia huhamia kushoto, wa kushoto huhamia kulia, na mtumbwi usihisi kitu. Nooroa aliwafundisha kuita "Hap!", neno fupi alilolipata New Zealand, ambalo karibu kila timu hulitumia.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Mama Ngavaine alisimama mbele ya watu wote, mkoba wake begani, akashangilia kama alivyotumwa. Alimwita kila msichana kwa jina lake, kisha kwa jina la mama yake, kisha kwa la bibi yake. Alimwahidi mmoja kuku na mwingine fimbo. "Vaine, nyoosha mgongo huo! Umelala? Nimekuja mpaka huku kukuona umelala?" Watu wa hema la jirani, Watahiti, waliacha kuangalia mbio wakamwangalia yeye.

Wasichana wa Mauke walikuwa wa kwanza. Wakalifikia boya jekundu, la tatu, lililokuwa mbele ya hema lao, bado ni wa kwanza. Kisha kukatokea kitu. Watatu wa nyuma walibadili upande, watatu wa mbele hawakubadili. Makafi yakagongana, mrengu ukainuka juu ya maji, mtumbwi ukayumba kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Walipojiweka sawa mitumbwi miwili ilikuwa imekwisha kuwapita. Wakamaliza wa tatu, wakapenya kuingia nusu fainali kwa kudra tu.

"Upepo," alisema Nooroa.

"Upepo gani?" aliuliza Mama Ngavaine. Bendera zao mbili zilikuwa zimelala kwa mvua.

Tangu hapo swali la maire likawekwa kando. Alikwenda kwa Vaine, aliyekaa nafasi ya tano, akamkuta anakula wali uliofungwa kwa mwani.

"Mwanangu, kwa nini ulibadili?"

"Nilisikia tumeambiwa tubadili, Mama."

"Nani aliwaambia?"

Vaine alitafuna, akafikiri. "Sijui. Sikio halikusikia vizuri. Mikono ndiyo iliyosikia."

Jibu hilo lilimpendeza Mama Ngavaine kwa sababu halikueleweka. Akaenda kwa mzee mmoja wa Hilo, Kaipo, aliyesimamia mitumbwi pale ufukweni na kuwagawia watu kwa kura. Alimkuta ameegemea gari lake la mizigo, akijikinga mvua kwa gazeti.

"Mzee mwenzangu, ule mtumbwi mliotugawia una kasoro?"

"Mama, mtumbwi huo huo umewapa Watahiti ushindi saa moja kabla yenu."

"Maji ya pale penye boya, je? Hayana mkondo?"

"Maji ni ya wote. Mbona wenzenu wamepita?"

Mama Ngavaine alitaka kuuliza la tatu, lakini jicho lake lilikuwa limeingia ndani ya gari. Kwenye kioo cha mbele lilining'inia shada kavu, la rangi ya chai.

"Lile umelipata wapi?"

"Lile? Harusi ya binti yangu. Miaka minne sasa. Huku milimani maire hayatoshi siku hizi, tukaagiza kisiwa kimoja huko kusini. Jina silijui."

"Naweza kulishika?"

Kaipo akalitungua, akampa. Harufu ilikuwa imekwisha kutoka. Lakini mwishoni fundo lilikuwa limepitishwa mara mbili na kurudishwa nyuma, na duniani ni watu wa kisiwa kimoja tu wafungao hivyo.

"Kisiwa kinaitwa Mauke," alisema Mama Ngavaine. Sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu afike, ilikuwa ndogo. "Fundo hili ni la kwetu."

Kaipo alivua kofia mvuani. Akataka kujua wanayachumaje maire, na Mama Ngavaine, aliyezoea kuuliza, akajikuta anajibu. Akamweleza kuhusu miamba iliyo mikali kama chupa zilizovunjika. Akamweleza jinsi magunia yanavyotolewa mwituni: mti begani, mmoja mbele na mmoja nyuma, gunia katikati, jozi kwa jozi kwenye njia isiyo na pa kusimama. Ukihamisha mti bega lingine kabla ya mwenzako, mti unabiringika, gunia linaanguka, na nyinyi mnalifuata. Kwa hiyo mtu mmoja hutangulia na kuwaitia wote. Neno ni "Taui!", yaani badilini, na miti yote huhama bega kwa pamoja.

"Na huyo anayetangulia ni nani?"

"Mimi. Zamani nilikuwa nabeba. Mwaka ule nilipoanguka nikavunjika hapa," akaonyesha bega lake la kushoto, "miaka kumi na moja sasa, tangu hapo bega hili halijabeba hata kitambaa. Natangulia tu, naita. Hawa wasichana mnaowaona wamekulia chini ya miti ile, kila likizo ya shule."

Wageni wengine walikuja kudai mtumbwi, na Kaipo akaenda zake.

*

Ijumaa, nusu fainali, mambo yakawa mabaya zaidi. Waliyumba mara mbili, na mara zote mbili mbele ya hema lao wenyewe. Wakapata nafasi ya nne, ya mwisho ya kuingia fainali, wakimzidi wa tano kwa urefu wa mkono. Mama Ngavaine alikuwa amepiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na alipoona wale watoto wanatoka majini bila kutazamana, aliumia moyo. Alikuwa amewaona wakijifunza kutembea. Hakuweza kukubali kwamba watoto wale, waliopita kwenye miamba na mizigo begani bila kukosa hatua, wasiweze kubadili kipande cha ubao mkononi.

"Kuna kitu pale," alimwambia Akaiti. "Ni pale pale kila mara. Mbele ya hema letu. Si ajabu hiyo?"

"Ni ajabu," alisema Akaiti, akiangalia pembeni.

"Wewe si umepiga video? Hebu tuone."

Akaiti alikuwa akipiga video kila kitu, hata ndizi za sokoni, ili kuwapelekea watu wa nyumbani. Akasitasita. Akasema betri imekwisha. Kisha akasema kioo kimelowa. Mwisho akatoa simu, na watu wote, wasichana na Nooroa wakiwemo, wakainamisha vichwa juu yake chini ya turubai, mvua ikiwapigia juu.

Mtumbwi ukaonekana, mdogo, ukija vizuri. Sauti ya Tereapii ikasikika kwa mbali, "Hap!" Wakahesabu makafi. Moja, mbili, tatu. Yalipofika tisa, kutoka ndani ya simu ikalipuka sauti nene, ndefu, yenye kuvuta mwisho wake: "Tauiiii!"

Na mtumbwi ukayumba.

"Ala!" alifoka Mama Ngavaine. "Nani huyo mwehu? Nani anawapigia watoto makelele hivyo?"

Nooroa alichunguza vidole vyake vya miguu. Vaine akaweka kiganja mdomoni.

"Rudisha," alisema Mama Ngavaine. Akaiti akarudisha. "Tauiiii!" Safari hii aliona pia picha ikitikisika na kuonyesha kwa nukta moja mgongo mpana uliokuwa mbele ya mpiga video, gauni la maua, mkoba kwenye bega la kulia.

"Shoga," alisema Akaiti polepole, "nyani haoni kundule."

Kama ingekuwa siku nyingine wangecheka mpaka kesho. Mama Ngavaine alibaki ameinama vile vile. Angeapa juu ya Biblia kwamba hakulitamka neno lile. Alijua aliyataja majina, aliitaja fimbo, alimtaja kuku. Lakini alipowaona watoto wanaanza kuchoka upande mmoja, koo lilikuwa limefanya kazi yake ya miaka yote bila kumwomba ruhusa, na migongo iliyokuwa karibu naye ikatii.

"Mlikuwa mnajua?" aliuliza.

"Tangu jana," Nooroa alisema. "Lakini Mama, nani angekwambia?"

Hilo lilimchoma zaidi ya kosa lenyewe. Ameitwa kwa ajili ya koo lake, na koo ndilo lililokuwa likiwazamisha, na watu wazima wakamwonea haya wakanyamaza.

"Kesho nitabaki kule tunakolala," alisema. "Nitaosha vyombo."

Tereapii alikuwa ameichukua simu mkononi mwa Akaiti, akaangalia kipande kile mara ya tatu, na ya nne, akisogeza kioo karibu na uso kama mtu anayetafuta sindano. Bibi yake, hata katika aibu ile, alijiuliza mtoto anatafuta nini.

"Hapana, Bibi," alisema Tereapii mwishowe. "Utakuja. Utasimama pale pale. Ila kwenye mtumbwi sauti ni moja."

"Nimeelewa."

"Si yako."

"Nimeelewa, mtoto wewe! Nimekwambia sijaelewa?"

*

Jumamosi mvua ilikatika. Kaipo alipita kwenye hema lao mapema, mkononi ana tawi dogo bichi la maire ya mlimani kwake, majani bado yana maji.

"La kukushukuru," alisema. "Shada langu sijui mkono uliolifunga, lakini nimekujua wewe."

Mama Ngavaine alilinusa. Lilinukia sawasawa na la nyumbani, au karibu sawa. Kisha akapata wazo. Timu zilipoanza kujipanga, akiwa na mkoba wake bega la kulia kama siku zote, alilichukua lile tawi akaliweka katikati ya meno, akaliuma kwa nguvu. Atakayetaka kufungua mdomo sharti kwanza alitupe chini, na yeye maishani mwake hakuwahi kutupa maire chini.

"Kimya kina mshindo mkuu," Akaiti alimtania. Alijibiwa kwa jicho tu.

Bunduki ya kuanzisha mbio ikalia. Watu kumi na wawili wa Mauke wakapiga kelele. Wa kumi na tatu akauma tawi. Ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Kelele zilimpanda kifuani, zikagonga meno, zikarudi chini. Macho yakamtoka machozi. Lakini kwa kuwa mdomo ulifungwa, masikio yalifunguka, na alianza kusikia vitu ambavyo siku mbili zote hakuvisikia: makafi sita yakizama pamoja kwa sauti moja nzito, maji yakipasuka kwenye ncha ya mtumbwi, na mtu mmoja mle ndani akihesabu.

Walikuwa wa nne. Boya la kwanza, wa nne. Boya la pili, wa nne bado, na mgongo wa Vaine umeanza kupinda. Mama Ngavaine aliona kwamba upande wa kulia umechoka. Aliona kama anavyoona mti unapoanza kumlemea mtoto begani. Sasa, alisema moyoni. Sasa hivi, jamani, sasa.

"Tauiiii!"

Akapeleka mkono mdomoni. Tawi lilikuwa pale pale, meno yamelibana. Akamgeukia Akaiti, na Akaiti naye alikuwa amegeuka kumtazama yeye, simu mkononi, mdomo wazi. Wala si mmoja wao. Sauti ilikuwa imetoka majini. Ilikuwa nyembamba kuliko yake, lakini ilivutwa mwishoni vile vile, kama inavyotakiwa ivutwe ili hata mtu wa jozi ya mwisho, nyuma kabisa kwenye kona ya miamba, aisikie.

Na wale sita walibadili kama mtu mmoja. Hakuna kafi lililogonga kafi. Mtumbwi, ambao siku zote ulipoteza kasi kidogo kila walipobadili, safari hii uliruka mbele. "Tauiiii!" tena, baada ya makafi kumi na manne. Hapo Mama Ngavaine akajua mjukuu wake alikuwa akitafuta nini kwenye ile simu. Watu wote walikuwa wameangalia kosa. Mtoto aliangalia wale watatu wa nyuma, akaona jinsi walivyohama vizuri.

Wakampita mmoja mbele ya hema. Watahiti na watu wa Hilo wenyewe wakawa mbele yao, na hawakushikika. Mauke wa tatu.

Nooroa alikaa mchangani akalia hadharani. Gitaa likapigwa, akina mama wakaingia majini na magauni yao. Mama Ngavaine hakwenda popote. Alisimama palepale alipoambiwa asimame, akalitoa lile tawi mdomoni, limetafunwa nusu, akalifunga kwenye leso.

Tereapii akapanda ufukweni akitweta, maji yakimchuruzika, nishani ya shaba bado hawajampa. Alimjia bibi yake moja kwa moja.

"Bibi. Ulipiga kelele?"

"Hata pumzi sikutoa. Muulize Akaiti."

"Hakupiga," alisema Akaiti. "Nimeogopa, kidogo apasuke."

Tereapii alicheka. Kisha akaacha kucheka, akamwangalia bibi yake kwa jicho lile la jana, la kutafuta sindano.

"Mbona mkoba uko bega la kushoto?"

Mama Ngavaine alijitazama. Mkoba ulikuwa kushoto kweli, na chupa ya maji na nyama ya kopo ndani yake, ukining'inia juu ya mfupa uliovunjika miaka kumi na moja iliyopita. Alisikia maumivu sasa hivi tu, baada ya kuulizwa.

"Si umeita wewe?" alisema.